Kwenda Kwenye Mkutano wa Watu wa Ndege Ukitokea Loitokitok

Mwaka 1956, madaktari watatu wa upasuaji waliketi kwenye miteremko ya Kilimanjaro wakapanga jinsi ndege zinavyoweza kuwafikishia matibabu watu wanaoishi mbali na hospitali. Mmoja alikuwa Michael Wood, wa pili Tom Rees kutoka Marekani, na wa tatu Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyepata sifa kubwa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kuwatibu marubani walioungua. Mwaka 1957 mpango ule ukawa shirika, ambalo leo tunalijua kwa jina la AMREF. Mpaka sasa ndege za madaktari huondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda kuwachukua wagonjwa sehemu ambazo gari la wagonjwa lingechukua siku nzima kufika. Na mlima ule ndio huu tunaouona alfajiri kutoka Loitokitok kabla mawingu hayajaufunika.

Wale watatu walikuwa wakijuana tangu zamani. Wood na Rees walijifunza kwa McIndoe upasuaji wa kurekebisha viungo, na urafiki wao haukukatika mafunzo yalipokwisha. Walipoketi mlimani kila mmoja alikuwa na la kuchangia: mwalimu na jina lake, Wood na ujuzi wake wa nchi hizi na watu wake, Rees na marafiki wa Marekani. Hicho ndicho ninachotaka kijana wa Loitokitok, Kimana, Rombo, Isinya au Kitengela akitafute anapofunga safari kwenda kwenye mkutano wa kila mwaka wa watu wa ndege. Aende kujuana na watu, na aende akiwa na kitu cha kuwapa.

Nasema na kijana, lakini mzazi naye asikie. Kazi za anga ni kazi za kurithishana kuliko tunavyopenda kukiri. Kapteni Irene Koki Mutungi, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuendesha ndege za Kenya Airways na baadaye mwanamke wa kwanza barani Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787, ni binti wa rubani. Bidii ni yake mwenyewe, na hakuna awezaye kumnyang'anya. Ila mtoto anayekulia nyumba ya rubani husikia mezani mambo ambayo mtoto wa mfugaji wa Mbirikani hana pa kuyasikia: leseni gani hutangulia, chuo gani kina ndege zinazoruka kweli, nani anaajiri mwaka huu. Mkutano wa mwaka ni mahali ambapo mtu asiye na mjomba kwenye ndege anaweza kuyasikia hayo kwa siku mbili. Kwa sababu hiyo naupa uzito mkubwa, na sipendi kuona kijana akitoka huko na mfuko wa karatasi, kalamu tatu na picha za kujipiga tu.

Kosa linaloharibu safari nyingi huanzia nyumbani, pale mtu anapojiona mwombaji. Anaingia ukumbini ameinama na wasifu kazi mkononi, anamkabidhi kila aliyevaa tai, na jioni karatasi zote zinabaki kwenye viti. Kijana wa Kajiado hana sababu ya kuinama hivyo, kwa kuwa kaunti hii imo ndani ya shughuli za anga kila siku.

Kila siku ndege ndogo hutoka Wilson kuleta watalii kwenye uwanja wa Amboseli, kilomita chache kutoka yanakolala mifugo yetu. Rubani anayekuja huku hukutana na mambo tunayoyajua kuliko yeye. Jua likishapanda, ile ardhi nyeupe ya ziwa lililokauka huinua vimbunga vya vumbi vinavyoonekana kutoka mbali. Mchana upepo wa upande wa mlima hubadilika. Pundamilia na nyumbu hupenda kusimama palipo wazi, na njia ya kurukia ni mahali palipo wazi kweli kweli, kiasi kwamba kwenye viwanja vya porini marubani wengi hupita chini mara moja kufukuza wanyama kabla ya kutua. Mvua kubwa ikinyesha, udongo mweusi wa tambarare hushika magurudumu, na kiwanja kilichokuwa kigumu wiki iliyopita hakifai tena. Mchungaji anajua sehemu gani hukauka kwanza. Anajua ng'ombe hupitia wapi wakienda majini, na kwa nini ua uliojengwa mahali fulani utavunjwa kila kiangazi. Anayepanga usalama wa kiwanja kidogo anahitaji habari hizi, na hazipatikani kwenye ramani.

Kuna pia ndege za uhifadhi. Big Life, shirika lililoanzishwa mwaka 2010 na Nick Brandt pamoja na Richard Bonham, hufanya kazi katika eneo hili la Amboseli na hutumia ndege kufuatilia tembo na kuwasaidia walinzi walio ardhini. Shirika la Wanyamapori la Kenya nalo lina kikosi chake cha ndege pale Wilson. Mwenye kaka au binamu anayefanya kazi ya ulinzi wa wanyama ana mtu wa kumweleza jinsi rubani na mlinzi wanavyoongea kwa redio, na hayo ni mazungumzo yanayoweza kumshika rubani yeyote kwa nusu saa.

Ukishuka upande wa Isinya na Kitengela unakutana na mabanda ya maua. Mengi ya maua yale hayasafiri kwa meli. Huvunwa, hupozwa, hupakiwa kwenye malori ya baridi na kupelekwa sehemu ya mizigo ya uwanja wa Jomo Kenyatta, kisha hupaa usiku kwenda Ulaya. Wiki chache kabla ya Februari 14 shughuli huongezeka mno. Dada aliyefanya kazi kwenye chumba cha kupanga maua anajua boksi likikaa juani lori linapochelewa hutokea nini. Sasa mwambie atafute, kwenye mkutano, mtu wa kampuni ya mizigo ya anga amweleze hilo kwa mifano aliyoiona. Sidhani kama atajibiwa kwa haraka haraka. Mizigo ndiyo sehemu ya anga ambayo vijana wetu huipuuza zaidi, nami naiona kuwa mlango wa karibu kuliko wote kwa mtu wa Kajiado.

Na hatujataja Orly, kile kiwanja cha watu binafsi kwenye tambarare za Kajiado, ambako wapenzi wa ndege ndogo wameweka mabanda yao. Wengi wa Kitengela wamekuwa wakiziona zile ndege nyepesi zikipita Jumamosi bila kuuliza zinatua wapi.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria nauli, kaa chini uandike ukurasa mmoja wa mambo unayoyajua ambayo mtu wa ndege angependa kuyasikia. Usiandike sifa zako, andika uliyoyaona kwa macho yako. Ukurasa huo ndio utakaokupa ujasiri ukumbini.

Sasa, mkutano upi? Nairobi ina bahati katika jambo hili. Umoja wa mashirika ya ndege ya Afrika, AFRAA, ulioundwa Accra mwaka 1968, una makao yake Nairobi. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lina ofisi yake ya kanda ya mashariki na kusini mwa Afrika huko huko. Kwa hiyo mikutano mikubwa hupita karibu nasi mara kwa mara. Mkutano mkuu wa mwaka wa AFRAA ulifanyika Nairobi mwaka 2021, na mwaka 2023 ukafanyika Uganda. AviaDev, ambako mashirika ya ndege na wenye viwanja hukutana kujadili njia mpya za safari, ulikuja Nairobi mwaka 2023 na kwenda Zanzibar mwaka 2025. Hii ni mikutano ya wenye biashara. Ada zake hulipwa na makampuni, na anayekwenda hutarajiwa kuwa na la kununua au kuuza.

Tofauti na hiyo kuna maonyesho ya wazi kwa umma. Mei 2022 Jeshi la Wanahewa la Kenya lilifanya maonyesho ya ndege katika bustani ya Uhuru, barabara ya Lang'ata, na familia nzima nzima zilikwenda na watoto. Kuna siku za wazi za vyuo vya urubani, na kuna vikao vya vyama, kama vile chama cha wanawake walio katika kazi za anga. Pale Wilson kipo pia Aero Club of East Africa, kilichoanzishwa mwaka 1927 na walowezi wa Kizungu wakati Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mtu wa kurusha ndege. Leo watu wa kila rangi hukutana katika eneo lile la Wilson, na mgeni anayetanguliza simu au barua pepe ya heshima akaeleza nia yake kwa kawaida hupewa jibu.

Ushauri wangu ni uanze na maonyesho ya wazi au siku ya chuo. Huko utazoea macho na masikio, utajua ndege ipi ni ipi, na utaona watu hawa huzungumza vipi wakiwa wametulia. Mwaka unaofuata jaribu mkutano wa wenye biashara, lakini uingie kwa mlango wa kazi. Waandaaji huhitaji watu wa kupokea wageni, kuelekeza magari, kupanga viti, kubeba vipaza sauti kwa wanaouliza maswali. Waandikie miezi mitatu au minne mapema ukiomba kujitolea, na uulize kama wana ada ya wanafunzi. Anayebeba kipaza sauti humfikia kila mtu ukumbini, na hakuna anayemuuliza amelipa kiasi gani.

Usiuze ng'ombe kwa ajili ya tiketi ya kongamano. Nalisema waziwazi kwa sababu upendo wa mzazi unaweza kumfanya auze. Siku mbili za mkutano hazina thamani ya ndama jike. Ng'ombe akiuzwa, na auzwe kwa ajili ya mafunzo yenyewe, tena baada ya uchunguzi nitakaoueleza mbele.

Ukishachagua mkutano, jifunze nani ni nani. Watu wengi huchanganya KCAA na KAA, na kosa hilo hujulisha mara moja kwamba hukujiandaa. KCAA, iliyoundwa mwaka 2002, ndiyo msimamizi wa usalama: hutoa leseni za marubani na mafundi, hukagua vyuo, na huongoza ndege angani. KAA ndiyo inayoendesha viwanja vyenyewe, majengo na njia za kurukia. Kikundi kingine ni waendeshaji, yaani kampuni zenye ndege. Tena wako marubani wenye chama chao cha KALPA, na waongozaji wa ndege wenye chama chao. Swali zuri likipelekwa kwa mtu asiyehusika huwa swali bovu. Usimuulize mtu wa KAA kuhusu leseni yako ya droni.

Kisha tengeneza swali moja la maana kwa kila kikundi. Chukua mfano huu. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi. Hewa nyepesi huyapa mabawa nguvu ndogo ya kuinua, hudhoofisha injini, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kupaa au hupunguza mzigo. Amboseli nako jua hufanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo mwulize rubani wa ndege ndogo yeye hupangaje abiria na mafuta akiondoka Amboseli saa saba mchana, ukilinganisha na saa moja asubuhi. Rubani atakutazama tena. Swali la namna hiyo linaonyesha kwamba umefikiri kuhusu kazi yake, wakati aliyetangulia alimuuliza analipwa kiasi gani.

Kuhusu safari yenyewe nitasema kwa ufupi, maana njia mnaijua. Kutoka Loitokitok kupitia Kimana hadi Emali ni lami, na Emali unaweza kuchagua matatu ya barabara ya Mombasa au treni ya mchana inayosimama stesheni za njiani, ambayo hukufikisha Syokimau. Usisafiri siku ile ile ya mkutano. Msongamano wa Mlolongo hauna huruma, na anayefika saa nne kikao kikiwa kimeanza saa mbili amekosa kipindi cha maana kuliko vyote, ile saa ya chai na kujiandikisha kabla hotuba hazijaanza. Mwenye shangazi Kitengela alale kwake, aondoke saa kumi na moja. Tena vaa sweta. Mtu wa Loitokitok anaijua baridi ya Juni, ila kumbi za hoteli hupozwa hadi mtu akatetemeka Januari.

Nguo ziwe safi na za adabu, viatu visikuumize, maana utasimama kutwa nzima. Shuka ya Kimaasai au shanga si aibu hata kidogo, na ukipenda kuvaa, vaa kwa sababu ni zako. Beba kalamu na daftari dogo la kuandika majina. Kadi za kugawa si lazima. Ukiwa nazo, ziwe na jina lako, simu, barua pepe na mahali unapotoka. Usijiite mtaalamu wa anga kama bado. Mwanafunzi anayejitambulisha kama mwanafunzi hupewa nafasi kuliko anayejipa cheo.

Ukiingia ukumbini usikimbilie mkurugenzi. Najua mtu hutamani kusalimiana na wakubwa, lakini mkurugenzi wa shirika la ndege husalimiwa na watu mia siku hiyo, na jioni hakumbuki hata mmoja. Tafuta aliyekutangulia kwa miaka mitatu au minne: fundi aliyepata leseni juzi, msaidizi wa rubani mwenye saa chache, mwongozaji wa ndege aliyemaliza chuo cha Embakasi, karani wa mizigo. Hawa bado wanakumbuka ugumu wa mwanzo, wanajua bei za mwaka huu, nao wana muda. Baada ya miaka kumi ndio watakaokuwa wakubwa, na mtakuwa mmejuana muda wote huo.

Mafundi hasa nawaombea heshima. Rubani hupigiwa makofi, lakini ndege hairuki mpaka fundi ametia saini kwamba iko salama. Kazi ile inahitaji mikono mizuri, uvumilivu na uaminifu wa kuandika kila ulichogusa. Kijana aliyekua akitengeneza pampu za maji na pikipiki huku Kimana anaweza kujikuta nyumbani kwenye banda la ndege kuliko alivyowahi kufikiri. Zungumza nao. Mara nyingi husimama pembeni karibu na ndege za maonyesho, wakati umati umejaa kwa marubani.

Lugha ya jukwaani itakuwa Kiingereza, na ni vizuri ujizoeze, kwa kuwa ndiyo lugha kuu ya redio za ndege za kimataifa na leseni ya rubani hudai kiwango chake. Ila kwenye chai watu wengi watarudi kwa Kiswahili, na hapo ndipo maneno ya kweli husemwa. Salimu kwanza. Rubani mwite Kapteni, fundi mwenye leseni mwite Injinia, na aliyekuzidi umri bila cheo unachokijua mwite mzee au mama. Baada ya jina sema unatoka wapi. Loitokitok ni jina linalofungua mazungumzo, kwa sababu karibu kila aliyeruka kusini mwa Kenya amewahi kuuona mlima wetu dirishani na ana hadithi yake kuhusu mawingu yale. Mwache aisimulie, kisha mpe ya kwako.

Usimng'ang'anie mtu mmoja. Mazungumzo ya dakika kumi yakiwa mazuri, omba namba au barua pepe, shukuru, na umwache aende kwa wengine. Ukiona ameanza kutazama begani mwako, si dharau. Ana watu wengine aliokuja kuwaona. Ukishatoka hapo, andika mara moja: jina, kazi, alichosema, na ulichoahidi. Usiahirishe hadi usiku, majina huchanganyika.

Penye ndege kuna adabu zake, na kuzivunja ni hatari. Usiguse panga la mbele la ndege hata kama injini imezimwa. Usitembee nyuma ya ndege inayowashwa. Usivute sigara popote karibu, wala usiache chupa au karatasi chini, kwa maana takataka ndogo ikiingia kwenye injini huleta hasara kubwa. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ndani ya chumba cha rubani, na kabla ya kupiga picha yoyote penye ndege za kijeshi. Droni yako iache nyumbani. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinadai droni isajiliwe na mwenye kuirusha awe na idhini ya KCAA, na kuirusha karibu na maonyesho ya ndege ni kuhatarisha maisha ya watu.

Kila penye vijana wenye hamu ya kuruka, watakuwepo pia wanaokula hamu hiyo. Utakutana na mtu mwenye suti nzuri anayeahidi nafasi ya uhudumu wa ndege katika shirika la Ghuba, bora utume kitu kidogo kwa M-Pesa leo hii. Shirika la kweli halimtozi mwombaji pesa ya kuajiriwa. Ondoka, na umwonye aliye karibu nawe.

Kwa vyuo vya urubani, kuwa mpole lakini uliza bila kuona haya. Je, chuo kina kibali cha KCAA kinachotumika sasa? Kina ndege ngapi zinazoruka wiki hii, si zilizoegeshwa? Mwanafunzi wa mwisho kumaliza alichukua muda gani? Ada ikilipwa yote mwanzoni na chuo kikifungwa, pesa zinarudije? Leseni ya rubani binafsi hudai umri wa miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka. Leseni ya biashara hudai miaka 18 na kwa kawaida saa 200. Kila saa ina bei yake, na jumla hufika mamilioni ya shilingi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja ya ada, nenda kapimwe afya na daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Jicho lisilotofautisha rangi vizuri, au ugonjwa ambao hukuujua, unaweza kukuzuia, na ni heri ulijue hilo kabla zizi halijapungua. Aliyezuiwa na macho kurusha ndege anaweza bado kupanga safari za ndege, kushughulikia mizigo au kusimamia kiwanja. Mwulize yule wa mizigo uliyeongea naye.

Nimewaona vijana wengi wakifanya vizuri mpaka hapa, kisha wakarudi nyumbani na kunyamaza. Ndani ya wiki moja waandikie wote uliochukua anwani zao. Barua iwe fupi: mlikutana wapi, alisema nini kilichokufaa, na kile ulichoahidi kumtumia. Kama uliahidi habari za hali ya kiwanja fulani baada ya mvua, zitume, hata kama hajajibu. Usiombe kazi kwenye barua ya kwanza. Baada ya miezi mitatu andika tena ukiwa na jambo jipya: umepita mtihani, umepimwa afya, umeona ndege ikishindwa kutua kwa sababu ya ng'ombe na una wazo. Anayepokea habari za namna hiyo mara tatu kwa mwaka atalikumbuka jina lako siku nafasi ikitokea.

Wagonjwa wa McIndoe, yule tuliyemtaja mwanzoni, walikuwa na desturi inayofaa kutajwa hapa. Watu hao wa jeshi la anga, walioungua nyuso na mikono, waliunda chama mwaka 1941 katika hospitali ya East Grinstead, McIndoe akiwa rais wao. Walikutana kila mwaka, vita vikaisha, wakazeeka, wakaendelea kukutana hadi mwaka 2007. Waliendelea kusaidiana. Watu walioungana namna hiyo hawakuhitaji kujitambulisha upya kila mara. Ukihudhuria mkutano ule ule mwaka wa pili na wa tatu utaona tofauti: mtu atakuita kwa jina kutoka upande wa pili wa ukumbi, na atakutambulisha kwa mwenzake kabla hujafungua mdomo.

Na msiende mmoja mmoja. Watafute wenzako watatu au wanne wa Loitokitok na Kimana wenye hamu hiyo hiyo, mchange nauli, mgawane vikao, na mkirudi kila mmoja aeleze aliyoyasikia. Mmoja akikosa nafasi mwaka huu, daftari la mwenzake litamfaa.

Hatua inayofuata ni kuwaleta watu hao huku. Desemba 7 ni Siku ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga, ukumbusho wa mkataba uliotiwa saini Chicago mwaka 1944, na katika siku zinazoizunguka watu wa sekta hii huwa tayari kuzungumza na wanafunzi. Tatizo ni kwamba Desemba shule zetu zimefungwa. Kwa hiyo mwombe mwalimu mkuu siku moja ya Septemba, kabla ya joto la mitihani, na barua kwa yule rubani au fundi mliyejuana itoke mwezi Julai. Ieleze idadi ya wanafunzi, wako darasa gani, kama shule ina umeme wa kuonyeshea picha, mgeni azungumze kwa lugha gani, na nani atampokea pale Emali.